Nyumba Namba Tisa

Mwanamke mwoga kuliko wote niliowahi kuwajua ndiye aliyekuwa na gari refu kuliko yote mtaani kwetu Satellite. Alikuwa mwenye ploti niliyopanga, na wapangaji wote tulimwita Shosho, yaani bibi, hata wale waliomkaribia kwa umri. Aliogopa paka. Aliogopa radi, na mbingu zikianza kunguruma alifunika kioo cha kabati kwa shuka. Aliogopa ngazi za umeme za majengo ya mjini, kwa hiyo siku nilizomsindikiza mjini kuchukua dawa tulipanda ngazi za kawaida hadi orofa ya nne, yeye akihema nyuma yangu na kunilaumu kwamba najikokota.

Na mwanamke huyohuyo alikuwa akiketi nyuma ya usukani wa gari lenye kitanda, sinki na kabati za vyombo, akalitoa getini bila kugusa nguzo. Marehemu mumewe aliwahi kuwa dereva wa wazungu fulani waliotembeza wageni. Walipofunga kazi na kurudi kwao walimwachia lile gari-nyumba badala ya kumwacha mikono mitupu. Mzee alipofariki, ndugu wote walidhani litauzwa kesho yake. Shosho alimaliza matanga, akajifunza kuliendesha.

Ploti ilikuwa na vyumba vinane vilivyopangana, na gari lilikaa uani kando ya tangi la maji. Mpangaji mmoja mwenye mzaha alichukua rangi akaandika 9 mlangoni mwake, na jina likashika. Hata yule kijana wa kusoma mita za stima aliwahi kuuliza mita ya namba tisa iko wapi. Shosho alimwonyesha betri.

Siri yake ilikuwa namna ya kuogopa. Sisi wengine tunaogopa huku tunafanya kazi, na kazi inaharibika. Shosho aliutengea woga muda wake. Alipanda kitini, akashika usukani kwa mikono miwili, gari likiwa limezimwa, akaogopa. Midomo ilimcheza, jasho likamtoka juu ya mdomo, magoti yakawa yanagongana. Ukimsemesha wakati huo hakujibu. Baadaye alishusha pumzi, akafuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, akasema, "Haya, nimemaliza kuogopa. Twende."

Alifanya hivyo kila mahali. Nimemwona akifanya mlangoni kwa daktari wa meno, na Krismasi moja nikamwona akifanya mbele ya kuku aliyefungwa miguu, mpaka kuku mwenyewe akachoka kumtazama.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Kwa maji alikuwa mkali ajabu. Ukifua blanketi siku ambayo si yako angefunga mfereji na wewe ukiwa bado na povu mikononi. Lakini nilipougua homa ya matumbo, niliamka siku tatu mfululizo nikakuta beseni la maji moto mlangoni, na nilipomshukuru alikana. Alichukia kelele za redio za wapangaji, ila yeye akiwa ndani ya Namba Tisa aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyomfanya mbwa wa jirani aitikie. Kiswahili chake kilikuwa cha Dagoretti, kila kitu "hii" na "ile". Mimi aliniita kairitu, yaani msichana, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipoanza kuota mvi.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilikuwa na cherehani yangu katika kibanda kimoja Ngara, na kwetu ni Budalang'i, kule magharibi, mahali ambapo mto ukiamua kuingia nyumbani haubishi hodi. Nilipokuwa mdogo niliwahi kulala juu ya paa na mama yangu, chini yetu sufuria zikielea. Kwa hiyo Shosho aliponialika mara ya kwanza kwenda naye kambini mtoni, nilitafuta kila kisingizio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema vizuri, mwoga mwenzake ndiye aliyekuwa anamtafuta.

Kambi yenyewe haikuwa mbali. Ukitoka Satellite unapita Dagoretti Market, unaingia Karen, halafu unaiacha lami na kuteremka kwa barabara ya mawe hadi mtoni. Palikuwa na nyasi, mabafu mawili ya mabati, mkuyu mkubwa, na mteremko mfupi unaoishia majini. Mumewe ndiye aliyempeleka kwanza, na baada yake yeye aliendelea kwenda kila mwaka mvua ndefu zikiisha. Watu walimuuliza anafuata nini kule. Alisema kwamba huko halazwi na mtu wala haamshwi na mtu, na chai ya mtoni haina ladha ya tangi.

Alikuwa na sheria za kuegesha, na hizo hazikuvunjwa. Alifika penye mkuyu, akageuza gari, kisha akateremka kinyumenyume taratibu mpaka mgongo wa gari uelekee maji na pua ielekee barabarani. "Mto haijui kama umelipia kambi," alikuwa akiniambia. "Ikitaka kupanda, inapanda. Wewe kaa tayari kutoroka." Breki ya mkono ilikuwa imekufa miaka mingi, na gia ilikuwa na tabia ya kuruka yenyewe, kwa hiyo kila kitu kilitegemea jiwe. Lilikuwa jiwe jeusi la pembe tatu, la marehemu, lililokaa chini ya kiti cha dereva. Shosho aliliweka mwenyewe nyuma ya gurudumu la nyuma, upande wa maji, akalipiga teke moja na kusema, "Limekaa." Hakuwahi kumruhusu mtu mwingine kuligusa. Mimi nililala ndani ya gari lile, maji yakipita chini yangu, na usingizi nilioupata niliupata kwa sababu ya jiwe hilo.

Lazima niseme na habari ya ule mwezi wa Januari baada ya kura, kwa sababu bila hiyo hutaelewa kwa nini baadaye nilipanda gari ambalo mtu mwenye akili asingepanda. Majirani walikuwa wameanza kuulizana makabila. Mchana mmoja kundi la vijana lilikuja kugonga geti, likitaka kujua ni vyumba gani vimepangwa na watu wa kutoka magharibi. Katika ploti nzima, wa huko nilikuwa nimebaki mimi peke yangu. Shosho alinisukuma ndani ya Namba Tisa, akafunga mapazia, akaniambia nilale sakafuni. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona ameketi kwenye ngazi ya mlango wake, mikono mbele kana kwamba ameshika usukani, magoti yakigongana. Geti lilikuwa likitikisika. Nilidhani hatainuka. Kisha akafuta uso, akainuka, akafungua mlango mdogo wa geti na kusimama katikati yake.

Hakuwahubiria. Aliwaambia vyumba vimefungwa, watu wamerudi kwao, wakitaka wahesabu kufuli. Halafu akamgeukia mmoja wao, akamuuliza mama yake ameacha kuja kanisani kwa nini, na yeye mwenyewe tangu lini anapita mbele ya mkubwa bila kusalimia. Kijana akasalimia. Wengine wakacheka kidogo, wakasukumana, wakaondoka. Shosho alifunga geti, akaja mpaka ndani ya gari, akaniruka pale sakafuni na kutapika katika sinki. Nilikaa humo wiki mbili. Kila asubuhi aliniletea uji, na hata mara moja hatukulizungumzia jambo lile.

Macho yake yalianza kufifia mwaka uliofuata. Kwanza aliniletea sindano nimtungie uzi, nami sikushangaa, hiyo ni kawaida ya umri. Kisha akaacha kusoma maandiko kanisani, akidai ameyajua yote kwa moyo. Kisha asubuhi moja nilikuwa mlangoni nikipiga mswaki, nikamwona amesimama mbele ya kamba ya nguo. Gauni langu la buluu lilikuwa limeanikwa pale. Shosho alilisalimia, akaliuliza habari za Ngara, akangoja jibu. Nikaitikia kutoka nilipokuwa, kwa sauti ya kawaida, na yeye akaendelea na safari yake kuelekea tangini akiwa ameridhika.

Mwanawe, aliyekuwa na ofisi mjini, naye alishagundua. Alinisimamisha getini siku moja, akaniambia ataleta mnunuzi wa gari Jumamosi, na akaniomba nisimwambie mama. Sikumwambia, lakini katika ploti ya mabati na kuta nyembamba hakuna anayehitaji kuambiwa.

Alhamisi asubuhi nilitoka na mkoba wangu kwenda kazini, nikakuta geti liko wazi na Shosho yuko kitini, mikono kwenye usukani, katikati ya kuogopa. Vikombe vilikuwa vimeshapakiwa. Nilisimama kando ya dirisha nikangoja amalize, kwa heshima, nikijipangia maneno ya kumzuia.

"Leo huendi Ngara," akasema alipofuta uso. "Panda."

"Shosho, tungoje Jumapili twende na mtoto wako."

"Jumapili hii gari itakuwa ya mtu mwingine. Ukikataa sitakasirika. Nitaenda peke yangu."

Nilijua kwamba hatanii. Nilimwona akilini akiwa peke yake barabarani, hana hata mtu wa kumwambia kuna mtu anavuka. Nikapanda. Nilikuwa naogopa hata kabla hajawasha, na tofauti yangu na yake ni kwamba mimi sikumaliza.

Tulipoingia tu kwenye lami aliniambia, bila kunigeukia, "Nisomee barabara, kairitu." Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Nikaanza kumsomea. Kuna tuta. Kubwa ama ndogo? Kubwa. Kuna basi la shule limesimama mkono wa kushoto. Kuna mama anavuka na mtoto. Spidi ilikuwa ya mtu anayekimbia polepole, nyuma yetu honi zilikuwa zikilia msururu mzima, na mimi nilikuwa nimeng'ang'ania mlango mpaka vidole vikafa ganzi. Harufu ya kichinjio ilipoingia dirishani alisema, "Sasa hii ni Dagoretti," kama mtu aliyesoma kibao. Ndipo nilipoamini kabisa kwamba haoni kitu.

Sekunde ile ile mkokoteni wa punda ulikatiza mbele yetu. Nilipiga kelele asimame. Alisimama, na masikio ya punda yalikuwa yamejaa kwenye kioo. Mwenye mkokoteni alitutukana kwa lugha mbili.

"Alikuwa amebeba nini?" Shosho akauliza baadaye, tulipokwishapita.

"Mitungi ya maji."

"Afadhali. Ningemwaga mayai ya mtu."

Nilicheka, nikasikia kwamba ninalia. Yeye alinyoosha mkono akanipapasa goti, na nikamwomba tafadhali arudishe mkono huo kwenye usukani.

Kambini mlinzi alitufungulia, akafurahi kumwona, akasema anapanda juu kutafuta kuni kavu kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Tukabaki wawili. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, umepanda hadi kwenye nyasi. Tulifika penye mkuyu. Nikangoja ageuze gari, kama miaka yote.

Hakugeuza. Alikitazama kioo cha pembeni kwa muda mrefu, shingo imenyooshwa. Kisha akasema, "Leo tutaingia hivi tu. Nataka kuangalia mto nikiwa kwa kiti." Nilifurahi kusikia hivyo. Nilidhani ni mtu anayeaga mahali anapopapenda, na mimi si dereva, sikujua kitu. Akateremka taratibu, pua mbele, nikimsomea hatua, mpaka nikamwambia inatosha. Kati yetu na maji palikuwa na nafasi ya gari jingine kama lile, haizidi.

Akazima, akatoa jiwe chini ya kiti, akashuka. Alitembea akishika ubavu wa gari kwa kiganja hadi gurudumu la nyuma, akalipapasa, akaliweka jiwe nyuma yake, akalipiga teke. "Limekaa," akasema. Nilisikia neno lile nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Satellite. Akapanda ndani kwenda kutoa vikombe, na mimi nikaenda kukunjua viti chini ya mkuyu.

Nilichosikia kwanza ni kokoto kusagika. Nikageuka. Jiwe lilikuwa pale pale alipoliweka, limekaa vizuri kabisa, na gari lilikuwa linaliacha. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote nyuma ya gurudumu ndiko kulikokuwa mtoni. Leo nyuma kulikuwa mlimani, na mbele hapakuwa na kitu cha kulizuia.

Ningependa kusema nilikimbia. Miguu iligoma. Nilikuwa tena juu ya paa la Budalang'i, naziona sufuria. Kilichotoka ni sauti tu. "Shosho! Breki!"

Vikombe vilianguka ndani. Lakini katika nyumba ile hakuhitaji macho, alijua kila kabati na kila kona. Niliona kitambaa chake cha kichwani kikipita dirisha la kwanza, la pili, kisha gari likatikisika na kusimama. Magurudumu ya mbele yalikuwa ndani ya maji, na maji yalikuwa yakipiga taa.

Nilipofika dirishani alikuwa amesimamia breki kwa mguu wa kulia, uzito wake wote juu yake, na paja lilikuwa likitetemeka. Nilimwambia aweke gia. Akasema gia haishiki. Nilimwambia awashe arudi nyuma. Akasema na matope haya litateleza lote. Nilimwambia aruke. Akasema ana miaka sabini na kitu, na akiinua mguu gari linaondoka naye kabla hajafika mlangoni.

"Leta jiwe," akasema. "Weka mbele ya gurudumu ya mbele. Huko nyuma ni matope tupu, jiwe itateleza."

Mbele ya gurudumu kulikuwa mtoni. Ili kuliweka ilinibidi niingie majini, niiname mbele ya pua ya gari lile, na kati yangu na uzito wake wote pawe na mguu mmoja wa bibi kizee. Nililichukua jiwe. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Nikafika ukingoni nikasimama. Mto ulikuwa ukivuma na mimi siwezi kuogelea, na meno yalikuwa yakigongana hivi kwamba nilishindwa hata kuomba.

Sauti yake ikatoka dirishani, ya chini, kama tuko jikoni. "Umemaliza kuogopa?"

"Bado, Shosho."

"Basi maliza. Mimi nitangoja."

Nilimtazama. Mguu wake ulikuwa ukicheza mpaka bega lilikuwa likitikisika. Uso ulikuwa mkavu. Sijui niliogopa kwa muda gani pale, lakini hakunihimiza, na mguu haukutoka. Kisha nikafuta uso kwa mkono wenye matope na kuingia. Maji yalinifika magotini, kisha mapajani. Niliinama mbele ya gurudumu, nikalisukuma jiwe chini yake kwa mikono yote miwili, nikalipiga kwa kisigino mpaka kisigino kikauma. Nikaokota mawe mengine ya mtoni nikayashindilia mbele ya gurudumu la pili.

"Limekaa," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

"Nimesikia. Toka kwanza mbele ya gari."

"Unaweza kuachilia, Shosho."

"Toka kwanza."

Nilitoka. Nilizunguka, nikapanda kwa mlango wenye ile tisa, nikakanyaga vipande vya vikombe, nikafika kitini kwake. Alikuwa amekodolea macho mbele, moja kwa moja kwenye mto ambao haukuwepo kwake.

"Maji iko wapi?" akaniuliza.

"Chini ya miguu yako."

Alitega sikio. "Basi tumefika," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtoto, "Kairitu, mguu imekataa kutoka."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ile niliyoilalia wiki mbili, nikaushika mguu wake kwa mikono miwili, nikamwambia aogope kwanza, mimi nitangoja.